Vineno vya Mzee Danieli na Nyati wa Korongoni

Vijana wa kambini, siku ya kuniaga mliniambia niandike, nami nikacheka. Shule mimi niliishia darasa la nne pale Rudewa, na hilo la nne lenyewe sehemu kubwa nililisomea shambani kwa baba, nafukuza ngedere. Lakini sasa nimekaa nyumbani, kuku wamenizoea, mke wangu amechoka kunisikiliza, basi naandika. Najua mnachokitaka. Mnataka habari ya Mzee Danieli na yule nyati, ilikuwaje mpaka mzee wa watu akapona, maana jikoni kila mtu anaisimulia kwa namna yake na wengi wao siku ile hawakuwepo. Nitafika huko. Ila siwezi kuifikia bila kupita kwenye Kiingereza, na Kiingereza changu hakipitiki bila kupita kwenye woga. Mnivumilie.

Mimi ni mwoga, nianzie hapo. Watu wa nyumbani waliposikia kazi yangu ni kusindikiza wageni porini, kuwatoa hemani kwenda kula na kuwarudisha, walidhani nimekuwa shujaa. Shujaa wa nini? Nilipewa fimbo na tochi. Bunduki ni ya askari wa hifadhi, na kambi yetu ilikuwa nje ya mpaka wa hifadhi, upande wa Mikumi, mpaka ambao wanyama hawajawahi kuonyeshwa. Asubuhi za mwanzo nilikuwa nikienda chooni mara tatu kabla sijavaa buti. Na sikuwa naogopa wanyama peke yao. Mnyama akikuona anafanya la kwake, na wewe unafanya la kwako. Nilichokiogopa zaidi ni kwamba siku moja mtu atakufa mbele ya macho yangu kwa sababu neno limechelewa kutoka mdomoni mwangu. Hofu hiyo nilikula nayo na kulala nayo miaka yote. Hata leo ninaota nimefungua mdomo na hakuna kitu.

Siku ya kwanza nilifika na begi la plastiki na viatu vya kuazima. Babu yangu aliletwa Rudewa na kazi ya kukata mkonge, akitokea kusini, na kwetu mtu akipata kazi ya kuajiriwa anaendewa na ukoo mzima kuombewa dua, kwa hiyo nilikuwa nimeombewa sana na macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Meneja alisema maneno marefu, nikaitikia "yes" kila alipovuta pumzi. Kisha akanipeleka kwa mkuu wa ukumbi wa chakula, ndiye Mzee Danieli. Alikuwa mtu wa milimani, juu ya Kilosa kule, amesomeshwa na misheni, mzee wa kanisa, shati lake jeupe hata vumbi liliogopa kulikalia. Hakuna mtu kambini aliyemwita Danieli. Meneja alimwita Mzee Danieli, wageni walimwita Mzee Danieli, na mkewe alipokuja kumtembelea alimwita Baba Neema.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Kiingereza unajua?"

"Kidogo, Mzee."

"Kidogo cha kunywa au cha kunawa?"

"Cha kunawa, Mzee."

"Afadhali hujadanganya," akasema, na akarudi kukunja vitambaa vyake.

Siku zile nilikuwa natoa maneno yakiwa uchi. Nikimwambia mgeni "tent", nikimwambia "light", "food", "come", anacheka kidogo na kunifuata. Kidogo kidogo nikaona nina aibu, nikataka kusema kama wengine. Sasa nilikuwa nimesikia Mzee Danieli na wahudumu wake, kila wakitaja kitu mbele ya mgeni wanatanguliza "the". The soup, the bread, the tea. Nikajua hiyo ni adabu, ni kama kusema tafadhali, au kama kuinama kidogo unapompa mtu kitu. Nikaanza kuipaka kila mahali.

Asubuhi moja nikaona nyayo za chui nyuma ya hema la mume na mke waliofika jana yake. Nikaenda kuwaambia kwa heshima zote, "The leopard is near the your tent." Yule mume akauliza, "Which leopard?" Nikatabasamu, nikarudia, "The leopard." Akamtazama mkewe. Nikaona rangi imewatoka, nami nikazidi kuogopa, kwa sababu sikujua nimesema nini. Siku nzima hawakutoka. Chakula wakapelekewa. Kesho yake waliita gari, wakaenda zao, na meneja akaniita ofisini akaongea mpaka mate yakamkauka.

Mzee Danieli akanikuta nimekaa nyuma ya stoo.

"Uliwaambia nini wale watu?"

"Niliwaambia kuna chui karibu na hema lao."

"Sema kwa Kiingereza, kama ulivyosema."

Nikasema.

"Chui gani?"

"Chui tu, Mzee. Simjui. Niliona nyayo."

"Humjui, mbona unamtaja kama jirani yako?"

Nikamweleza kwamba nilidhani ni adabu. Hakucheka. Tumaini, mpishi wetu wa chapati, aliyekuwa akitusikia kutoka jikoni, ndiye aliyecheka mpaka akashika meza. Mzee akaniingiza stoo, akavuta droo ya vijiko, akaniambia nitoe kijiko. Nikauliza kipi. Akasema chochote. Nikatoa.

"Hicho kilipokuwa ndani na wenzake kilikuwa 'a spoon'. Mimi sikukijua, wewe hukukichagua, kimoja chochote kinatosha." Akakiweka mezani katikati yetu, akakigonga kwa kidole. "Sasa mimi nimekiona, na wewe umekiona, na kila mmoja anajua mwenzake amekiona. Sasa ni 'the spoon'. Usimpe mgeni 'the' kwa kitu ambacho hajakutana nacho. Atadhani ni kitu ambacho ninyi wote mnakijua, yeye peke yake mmemficha. Wale walidhani tuna chui wetu hapa, tumezoeana naye, na tumewaweka karibu naye makusudi."

"Mzee," Tumaini akasema, "unamfundisha Rajabu, au unahesabu vijiko vya tajiri?"

"Vyote viwili."

"Basi mwambie na mimi. Huu ugali ni 'a' au ni 'the'?"

"Huo ugali wako haujaiva. Ukiiva tutaujadili."

Tangu hapo, mchana wageni wakienda kutembea na magari, nilikuwa naingia stoo. Vitabu hakutumia. Alitumia vikombe, chumvi, na maembe ya jikoni. Sukari akaimimina kwenye sahani, akaniambia chagua moja. Nikacheka. Akasema basi, huwezi kusema "a sugar", kwa sababu hakuna anayeweza kuitoa sukari moja na kuishika. Sema "some sugar". Kijiko mkononi mwake kikawa "this spoon", kijiko mlangoni kikawa "that spoon". Vikiwa vingi vinageuka kuwa "these" na "those", na hapo ulimi wangu ukafanya mgomo wa muda mrefu.

Kitu kilichonisumbua zaidi ni mpangilio. Sisi tunasema kijiko hiki, kijiko changu, vijiko vingi. Kitu kinatangulia, halafu ndiyo tunasema ni kipi, cha nani, ni vingapi. Wao vineno hivyo vinatangulia, kitu kinakuja nyuma. Nilikuwa nasahau kila mara, nakitoa kitu kwanza, kisha natafuta pa kukichomeka kile kineno. Siku moja Mzee akachoka, akaniuliza, "Wewe kazi yako ni nini?"

"Kusindikiza, Mzee."

"Mgeni akitoka hemani, anatoka peke yake?"

"Hapana. Mimi mbele, yeye nyuma."

"Basi. Kwenye Kiingereza hata neno halipendi kutoka peke yake. Linasindikizwa. Kwetu msindikizaji anatembea nyuma, kwao anatembea mbele. Umenielewa?"

Nilimwelewa mpaka nywele zikanisimama. Na mara hiyohiyo nikaelewa kwa nini "the your tent" ilikuwa ikimkwaza kila akiisikia.

"Mgeni mmoja anasindikizwa na watu wangapi?" akaniuliza.

"Mmoja."

"'The' ni msindikizaji, na 'your' ni msindikizaji. Chagua mmoja aende, mwingine apumzike."

Baada ya siku kadhaa nikaja na la kwangu. Nikamwambia, "Mzee, mbona 'kila' na sisi inatangulia? Tunasema kila hema, kila mgeni. Hatusemi hema kila." Akatazama dari la makuti. Nikaogopa nimemkosea. Kumbe alikuwa anatafuta neno jingine la kwetu linalotangulia, na hakulipata haraka. Akaenda akanikatia kipande cha keki ya wageni, akanipa. Keki ile naikumbuka ladha yake, ilikuwa na ndimu.

Sasa vijana, yale ya kazi niyaseme hapa, maana nikiingia kwa nyati sitarudi. Mgeni akikuuliza, "Are there any snakes?", usijibu "No snakes." Hiyo "no" ni nzito, imewafagia nyoka wote wa Mikumi kwa ulimi mmoja, na wewe huna ufagio huo. Nilijibu hivyo kwa mama mmoja, kesho yake nyoka koboko akapita barazani kwake, mama mwenyewe akiwa anasuka nywele. Lakini pia usijibu "Yes, some snakes," halafu ukamtakia usiku mwema. Hatalala, na wewe hutalala, atakuita kila jani likianguka. Mzee alinifundisha kusema "I don't see any." Ni kweli, na inabaki kuwa kweli mpaka utakapomwona. Na hiyo "every" muiogope. Ukimwambia mgeni "every evening tembo wanakuja kunywa", umejifunga kamba shingoni. Jioni wasipokuja anakudai wewe. Sema "some evenings". Tembo hajasaini mkataba.

Na mnapomwonyesha mgeni mnyama aliye karibu, "that" iende pamoja na mkono, na mkono uende chini, taratibu, usiurushe juu. Mkono wa kurushwa juu unamwambia mgeni akimbie.

Nilikaa hivyo miaka mingi, nikiwa na vineno vyangu mfukoni kama mtu aliyebeba dawa asiyoijua kama inafanya kazi. Woga haukupungua. Mzee akazeeka. Sikio la kushoto likaanza kumwacha, akawa anakugeuzia la kulia unapomsalimia. Lakini aliendelea kubeba sinia mwenyewe, na alikuwa na njia yake ya mkato kutoka jikoni kwenda mahema ya mbali, inayopita ukingoni mwa korongo. Mila ya kambi mnaijua: sisi wafanyakazi tunasindikizana inapobidi, ila wazee hawasindikizwi mchana. Kumwambia mzee umsindikize ni kumwambia amekwisha. Mimi niliwahi kujaribu.

"Mzee, nikusindikize?"

"Unisindikize mimi? Mimi nilifika hapa huo mti unaouegemea ukiwa kijiti cha kusafishia meno."

Sikurudia.

Basi siku hiyo ilikuwa baada ya mvua, nyasi zimefika kiunoni, saa kumi ya chai. Nilikuwa namleta mgeni mmoja, mama mtu mzima wa Ulaya, nitamwita Bibi Greta, ambaye goti lake lilikuwa bovu na alitembelea mkongojo. Tulikuwa kwenye njia ya kokoto, tumefika karibu na mnara wa tenki la maji. Nikawaona ndege wale wadogo wanaokula kupe wakiruka kutoka korongoni, wakizunguka, wakitua palepale. Ndege wale hawatui kwenye nyasi tupu. Nikanusa tope. Halafu nikaona mgongo, mweusi, kama jiwe lililolowa, na mbele ya mgongo ile pembe nene ya paji. Dume, peke yake, mzee, wa aina ile ambayo kundi limeichoka. Amelala kwenye ukingo wa korongo, kando kabisa ya njia ya mkato.

Na kwenye njia ya mkato anapita Mzee Danieli na sinia la chai, amenipa mgongo, anamwelekea.

Alikuwa anaangalia sinia lisimwagike. Sikio lililokuwa upande wa korongo ni lile lililokufa. Alikuwa na mwendo wake uleule wa ukumbini. Ule mwendo ungemfikisha kwa nyati kabla sijameza mate mara mbili.

Nitawaambia kweli: nilisimama kama mti. Sheria ya kwanza ya kazi yetu ni kwamba mgeni haachwi. Nikimfuata Mzee, Bibi Greta anabaki wazi na goti lake. Nikibaki na Bibi, Mzee anauawa huku ninamwangalia. Kile nilichokiota maisha yangu yote kilikuwa kimefika, na mdomo wangu ulikuwa mkavu kama unga.

Halafu vineno vikatoka. Sikuvitafuta. Nikashusha mkono taratibu, nikasema, "Madam. That buffalo." Akatazama, akaona. Nikagusa ngazi ya chuma ya mnara. "This ladder. Please. No noise." Mama wa watu hakuuliza hata swali moja. Akanipa mkongojo wake kama anayenipa mwavuli, akashika chuma, akapanda. Goti lilikuwa linalia kwa sauti, nalisikia, naye anapanda tu.

Nikamgeukia Mzee. Na hapo, jamani, nikaanza kufanya upuuzi ambao mtu wa huku peke yake ndiye angeufanya. Nikaanza kumwendea. Mzee hapigiwi kelele kutoka mbali kama mchunga mbuzi. Unamfikia, unamsalimia, anaitikia, ndiyo unasema shida yako. Miguu yangu ilifuata adabu hiyo yenyewe, hatua za haraka lakini za heshima, huku jicho langu likiona sikio la nyati limegeuka. Nikaelewa sitafika. Nikafungua mdomo nimwite, Mzee Danieli, kama kila siku, lakini pumzi iliyokuwa imebaki kifuani ilitosha neno moja tu.

"Danieli!"

Sauti haikuwa yangu. Ilikuwa nyembamba, ya juu, imepasuka katikati. Sijawahi kuitoa tena.

Mzee akasimama. Chai ikatikisika kwenye sinia. Hakugeuka mara moja. Alikaa vile, mgongo wake mweupe umenielekea, mpaka nikadhani hajasikia, amesimama tu kupumzika. Kisha akageuka taratibu sana. Akaniona. Uso aliokuwa nao siku ile sina namna ya kuuandika. Katika miaka yote hakuwahi kunitazama hivyo, hata siku niliyovunja birika. Akaanza kurudi, ananijia, na sinia lake, kama mtu anayekuja kumaliza jambo.

Nyati akainuka. Hakuinuka kama ng'ombe, nyuma kwanza. Aliinuka mzima mzima, korongo likamtema. Alipita palepale ambapo Mzee angekuwa, nyasi zikalala pande zote. Upepo wake ulimwangusha Mzee, au Mzee alijiangusha, hilo hakuwahi kuniambia. Sinia liliruka. Nyati akasimama kwenye njia ya kokoto, akanigeukia, akapuliza pua, kamasi na vumbi. Mimi nina fimbo mkono mmoja, mkongojo wa Bibi mkono mwingine. Sikukimbia, na msinisifu kwa hilo. Woga ulikuwa umenipigilia pale. Akanitazama. Nikaona maji maji pembeni mwa jicho lake, na nzi wakinywa. Kisha akageuza kichwa kama mtu aliyeghairi, akashuka korongoni upande wa pili, na matawi yakavunjika kwa muda mrefu.

Nikamfikia Mzee. Amelala ubavu kwenye vumbi, shati lake jeupe limekuwa la rangi ya chai. Na mimi, badala ya kumuuliza kama yuko mzima, unajua nilisema nini?

"Shikamoo Mzee."

Akatema vumbi.

"Marahaba," akasema kutoka chini. Kisha akauliza, "Mgeni wako yuko wapi?"

"Yuko juu ya tenki, Mzee."

"Mteremshe. Chai imemwagika."

Alivunjika kifundo cha mkono, basi. Daktari wa Mikumi alimfunga plasta, akarudi kazini akikunja vitambaa kwa mkono mmoja. Jikoni, Tumaini alikuwa haachi. Akiniona tu: "Danieli! We Danieli! Njoo uoshe masufuria!" Wote wanacheka, na mimi nacheka, lakini kicheko changu kilikuwa cha mdomoni tu. Kwa sababu Mzee aliacha kunizungumzisha. Salamu anaitikia, kazi ananituma, ila stoo hakuniita tena. Droo ya vijiko ilibaki imefungwa. Nilijua sababu. Nilimwita mzee wa kanisa, baba wa watu, jina lake tupu kama mtoto, mbele ya mgeni. Nikamchukua fundi wa jenereta, mtu mzima mwenzake, tukaenda na kilo ya sukari kumwomba radhi. Akapokea sukari. Akasema, "Yameisha. Ni mambo ya kazi." Hakuniangalia usoni. Haikupita muda akaaga, akarudi kwao milimani, na mimi nikabaki na vineno vyangu na kosa langu.

Mwaka huu, mliponiaga, nikasema sitakaa nyumbani kabla sijamwona. Nikapanda basi mpaka Kilosa, pikipiki ikanipandisha mpaka iliposhindwa, nikamalizia kwa miguu. Nilikuwa naogopa njia nzima. Kwamba nitakuta amekufa, kwamba yuko hai na atanitazama vilevile.

Nikamkuta amekaa kwenye kibaraza, blanketi mabegani. Binti yake Neema akanikaribisha, akaniambia niinamie sikio la kulia, nalo sasa linasikia kwa kubahatisha.

"Shikamoo Mzee. Ni Rajabu. Rajabu wa kambini."

"Marahaba. Bado unasema 'the your'?"

"Niliacha Mzee."

"Vizuri."

Neema akaleta chai. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Nikajikaza, nikamwambia nimekuja kwa ajili ya siku ile ya nyati, kwamba sikuwa na nia ya kumvunjia heshima, pumzi iliniishia. Akanitazama kama nimesema lugha nyingine.

"Wewe ulidhani nilikukasirikia kwa jina?"

"Niliuona uso wako, Mzee."

Akashika kikombe chake kwa mikono yote miwili, hakunywa.

"Jina hilo, vile tupu, kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuniita. Mama. Alikuwa akiniita kutoka mtoni, kwa sauti nyembamba vile, inapasuka katikati. Alikufa nikiwa darasani. Basi siku ile nikasikia, 'Danieli.' Sauti ni ile. Nikasimama. Nikajua nimeshakufa, kumbe kufa ndiyo hivi, na mama amekuja kunichukua. Niliogopa kugeuka, Rajabu. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa kugeuka. Halafu nikatamani. Nikageuka."

"Ukaniona mimi."

"Nikakuona wewe, na fimbo yako, na mkongojo wa yule bibi." Akatikisa kichwa. "Sijawahi kuichukia sura ya mtu namna ile."

Tumaini angekuwepo angecheka. Mimi sikuweza. Nikamuuliza kile ambacho nisingemuuliza kama ningekuwa na akili.

"Na kama ungejua ni mimi ninayeita, Mzee?"

"Ningejua ni wewe?" Akafikiri kwa uaminifu, kama alivyokuwa akifikiri maswali yangu ya stoo. "Nisingegeuka. Ningeendelea na safari yangu, nikusubiri ufike unisalimie kwa adabu."

Akanywa chai yake. Mimi yangu niliiweka chini, nikaanza kuhesabu hatua zilizokuwa zimebaki siku ile kati yake na nyati.